Pumzi Kwenye Kabureta

Oili iliyomwagika kutoka kwenye injini ilikuwa ya moto. Hebu niambie wewe: trekta dogo la kukatia majani limelala miaka chini ya turubai, matairi yamekufa, panya wamezaliana chini ya kiti, halafu unafungua nati ya chini na oili inatoka ikifuka mvuke kama chai! Fundi alichomoa vidole upesi, akasema ni jua tu. Jua lenyewe lilikuwa halijafika upande ule wa karakana.

Watu walimwita Sugu, na kwa ubishi wake jina lilimkaa sawasawa. Trekta alipewa bure na mjane wa mtunza bustani, aliyetaka liondoke machoni pake. Alimpa na onyo.

"Kabureta isafishe kwa pampu ya upepo, mwanangu. Mdomo wako usiuweke pale, mna jini. Marehemu mume wangu aliuweka."

"Ikawaje, mama?"

Mjane akafungua kitambaa alichojifunga shingoni. Kovu jembamba la kamba lilizunguka kutoka sikio hadi sikio. "Alikuwa ananipenda sana," akasema. "Mpaka jioni ile."

Sugu alicheka njia nzima. Jini kwenye kabureta! Lingepata wapi nafasi, na uchafu wote ule?

Basi akaifungua injini kipande kipande. Akaosha pistoni kwa petroli, akakwangua masizi kwa kisu butu, akasugua vali mpaka zikang'aa. Masizi yalinuka nywele zilizoungua, naye akasukuma mlango wa karakana uwe wazi zaidi, akaendelea na kazi. Ikabaki kabureta. Kitundu chake cha kupitishia petroli kilikuwa kimeziba kabisa, na pampu alikuwa ameondoka nayo mdogo wake.

"Mume wangu, chakula kinapoa!" mkewe aliita kutoka jikoni.

"Nakuja, mama watoto! Bado kupuliza tu hapa."

Fundi gani hapulizi kwa mdomo? Akabana midomo kwenye kitundu, akapuliza, kikazibuka. Halafu kitundu nacho kikavuta pumzi. Kikaizuia kidogo, kisha kikamrudishia, na kitu cha uvuguvugu kikamteremka kooni chenye ladha ya petroli na damu. Alitema mpaka mate yakamkauka. Mezani alichezea chakula tu, na mkewe akamwongezea mchuzi akidhani ni uchovu.

Alipomaliza kuifunga injini, mdogo wake aliingia, akasimama ghafla.

"Kaka," akanong'ona, "mbona inanguruma? Plagi ya injini si hii hapa mezani?"

Lahaula! Kabla Sugu hajageuka trekta liliruka kutoka kwenye matofali yaliyolibeba, likamgonga mdogo mtu magotini, mkanda ukanasa shati lake na kumvuta chini chini kwenye visu vilivyokuwa vimeanza kuzunguka vyenyewe, naye akapiga yowe akisukuma chuma kwa mkono mtupu, damu ikaruka ukutani, ikaruka kwenye spana, ikaruka machoni mwa Sugu aliyeinua nyundo na kupiga, akapiga injini aliyotoka kuisugua kwa mikono yake, akaipasua mapezi ya kupozea, akaivunja kabureta, akapiga huku mkewe amekuja mbio na kisu cha jikoni anakata shati, mpaka kijana akachomoka na mkono usio na vidole, na bado chuma kile kilichopasuka kikawa kinanguruma.

Kikanyamaza alipoingia shangazi wa mkewe, mtoa majini, aliyesikia kelele kutoka nyumba ya pili. Mke alikuwa ameufunga mkono wa shemeji yake kwa kanga, ameukumbatia kifuani. Shangazi akachuchumaa, akaweka sikio kwenye vyuma.

"Humu hamna kitu," akasema polepole. "Limeshahama. Nani aliweka mdomo hapa?"

Angesema. Shangazi alikuwa na dawa yake mkobani, angesema tu! Lakini Sugu alimtazama mdogo wake anavyotetemeka, akamtazama mkewe, aibu ikamshika.

"Hakuna, shangazi. Nilitumia pampu."

Mdogo wake akafumbua macho pale chini.

"Pampu?" akasema kwa sauti ndogo. "Kaka, pampu si iko kwenye pikipiki yangu tangu asubuhi?"

Wote wakamgeukia Sugu. Shangazi akatumbukiza mkono mkobani, na papo hapo guu la Sugu, ambalo yeye hakuliamuru, likamtandika shangazi tumboni, akagonga ukuta na kulala pale chini. Kifuani mwa Sugu kitu kilikohoa mara moja, kikawaka, kikaanza kunguruma taratibu, na ngurumo ile ikampanda kooni, ikamfikia kwenye meno.

"Mume wangu?" Mkewe hakukimbia. Aliinuka akamjia, viganja wazi, kama anavyomjia akiwa na homa. "Ni mimi. Niangalie. Ni mimi hapa."

Sugu alimwona vizuri kabisa. Alimpenda. Alitaka kumwambia kimbia, wachukue watoto ukimbie, akafungua mdomo kwa nguvu zake zote, na kilichotoka ni moshi wa bluu. Vidole vyake vilikuwa vimeshaokota kamba ya kuwashia injini, vinaizungusha ngumini.