Jina Lililokuwa Limeshaandikwa

Hadi leo haijajulikana ni nani aliyeandika jina la Mosi. Ashrafu anaapa kwamba ni shemeji yake. Rukaya, shemeji huyo, anajua kwamba wakati ule mikono yake ilikuwa ndani ya unga wa maandazi. Na Mosi mwenyewe alikuwa bado hajaanza darasa la kwanza, hajui hata kuandika.

Ilikuwa Manyoni, miaka ya soko huria, wakati kompyuta zilizochokwa Ulaya zilipoanza kufika mpaka kwenye miji ya reli. Kombo, mume wa Rukaya, alikuwa ameleta laptop moja ya mtumba kutoka Dar es Salaam, akafungua duka la kuchapa barua katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Alipofariki, duka hilo ndilo lililobaki kumlisha mjane na binti yake, Mosi. Lakini Rukaya alipotoka eda alikuta mashine imezeeka kupita kiasi. Ukiiwasha asubuhi, wateja wanakata tamaa na kuondoka kabla haijaamka. Akamwita Ashrafu, mdogo wake Kombo, fundi wa kompyuta Singida mjini.

"Shemeji, Windows hii imeoza kwa virusi," Ashrafu alisema. "Tuifute yote, niweke Linux. Ni ya bure, ni nyepesi, itakimbia kama mbuzi aliyeona fimbo."

"Na vitu vya kaka yako?"

"Picha nimeshazitoa. Nikibonyeza hapa, hakibaki chake hata kimoja."

Rukaya alisita. Kila Alhamisi, magharibi ikiingia, Kombo alikuwa akijifungia na mashine ile, akifukiza udi mbele ya kioo kitupu. Rukaya hakuwahi kumwuliza. Kila mtu ana namna yake ya kukaa na Mungu wake, ndivyo alivyojiambia miaka yote.

"Bonyeza," alisema, akarudi jikoni.

Mfumo mpya ulipofika mahali pa kuuliza jina la mwenye mashine, kisanduku hakikuwa kitupu. Kilikuwa na jina: Mosi.

"Shemeji, umemrithisha mtoto mapema!" Ashrafu alipaza sauti, akicheka.

Rukaya alidhani ni utani wa kifundi, naye akacheka kutoka jikoni. Ashrafu akalikubali jina, akaendelea na kazi.

Alhamisi ile umeme ulikatika mapema. Betri ya laptop ilikuwa imekufa zamani; bila waya ilikuwa sawa na ubao. Rukaya alikuwa uani akitia udhu aliposikia feni ya laptop ikizunguka. Kisha ikaja harufu ya udi.

Aliingia mbio. Mosi alikuwa ameketi kwenye kiti cha baba yake, miguu haigusi sakafu, mbele ya kioo cheusi, akiitikia kwa kichwa kama mtoto anayefundishwa.

"Unaongea na nani?" Rukaya alinong'ona.

"Na mgeni wa baba. Ananiuliza kwa nini simfukizii."

Rukaya aliificha laptop ndani ya sanduku la nguo, chini ya mablanketi, lakini Mosi aliacha kula, akaacha kucheza, akawa anakaa akiutazama ukuta uliokuwa upande wa sanduku. Na kila jua lilipozama feni ilianza kuzunguka chini ya mablanketi, taratibu kwanza, kisha kwa nguvu, kama kitu kinachopumua baada ya kukimbia mbali, na harufu ya udi ilitambaa chini ya milango ikaingia kwenye maji ya kunywa, kwenye ugali, kwenye nywele za mtoto, hata Rukaya alipombeba na kumkumbatia akahisi amemkumbatia Kombo siku ile walipomaliza kumvika sanda.

Loyce, jirani yake Mlutheri, alikuja na Biblia yake. Alitoka haraka.

"Mama Mosi, nimeomba mpaka koo limekauka. Kitu kile kilikuwa kinaitikia amina pamoja nami."

Loyce ndiye aliyemwita Mzee Alute, mganga wa kwao Mungaa. Mzee alifika asubuhi kwa basi, koti lake likinuka ng'ombe, akapokea shikamoo za wote, akamtazama Mosi kwa muda mrefu. Laptop hakuigusa.

"Kompyuta mimi siijui," alisema. "Nyumba ninazijua. Mwenye nyumba akifa, mgeni wake huulizwa anahamia kwa nani. Nyie mmembomolea alipokuwa anakaa, halafu mkamtajia mtoto."

"Mfukuze, baba," Rukaya alisihi.

"Hafukuziki. Anaweza kutajiwa mtu mwingine tu."

Ashrafu, aliyekuwa ameitwa tena kutoka Singida, alifuta uso. "Basi niandikwe mimi. Ni mgeni wa kaka yangu."

Rukaya alikumbuka zile Alhamisi zote, mlango uliofungwa, na Kombo alivyokuwa akitoka mwishoni amechoka kama aliyebeba magunia, akimbusu Mosi aliyelala. Huenda mgeni yule alimkaribisha mwenyewe. Huenda alikuwa amesimama mlangoni ili asipite kumfikia mtoto. Hakuna tena wa kumwuliza.

"Mke wako ana mimba, Ashrafu," alisema. "Weka sidii yako ya Linux."

Kazi ilifanyika mchana kweupe, madirisha yakiwa wazi. Ashrafu alifuta kila kitu upya. Kisanduku cha jina kilipokuja, safari hii kilikuwa kitupu, kijistari kikiwaka na kuzimika ndani yake, kikisubiri. Vidole vya Ashrafu vikagoma. Mzee Alute akageuza uso. Rukaya akamsogeza shemeji yake kwa bega, akaandika jina lake mwenyewe, akakubali.

Uani, Mosi akaita kwamba ana njaa.

Alhamisi ilipofika, Rukaya alimpeleka binti yake kwa Loyce kabla ya adhana ya magharibi. Akarudi, akakoleza mkaa wa udi, akafunga mlango kwa ndani.