Ukurasa Alioacha Karani

Wasimulizi wa mambo ya kutisha hupenda kusema yalimpata shemeji wa jirani wa mjomba wao. Haya yamenipata mimi, ndani ya nyumba yangu, mchana kweupe, dirisha likiwa wazi. Ukitaka kuamini amini, hutaki basi. Sikukuita.

Ilikuwa Jumamosi. Nimekaa sebuleni nachambua vifungo vya nguo kuukuu, mjukuu wangu anasafisha stoo. Tunaishi wawili tu, mimi na huyu binti wa marehemu mwanangu. Tunamwita Sindano, kwa kuwa ni mwembamba na ukimgusa vibaya anachoma. Yuko mwaka wa mwisho chuoni. Alikuwa anaandika kitabu cha kumalizia masomo, na umeme wetu siku hizi unakuja na kuondoka kama mgeni asiyejua kubisha hodi.

"Bibi," akaita, "hii nini?"

Akatoka na kitu kifuani kama aliyebeba mtoto mchanga. Nikakijua hata kabla hajakifuta vumbi. Ilikuwa kompyuta ya Karani.

Karani ni mume wangu. Alikufa miaka thelathini iliyopita na mimi sijaolewa tena. Mmoja alitosha kunichosha. Ofisi yake ilipofungwa walimpa mashine hiyo badala ya ahsante. Ni ya kubeba mkononi, ya zamani zile ambazo kompyuta nyingine zilijaza meza nzima. Upana wake kama sinia. Rangi yake ilikuwa nyeupe, sasa imeiva njano kama meno ya mvuta tumbaku. Kioo chake chembamba kama ufa, kinaingia mistari minane tu. Inakula betri nne za tochi.

Kwa mashine hiyo Karani aliandikia mtaa mzima matangazo ya vifo. Na alikuwa na tabia moja. Hakuwahi kufungua ukurasa mpya. Alifungua tangazo la marehemu wa mwisho, akarudisha kile kimstari kinachopepesa hadi kwenye jina, akaandika la marehemu mpya juu yake. Programu ile ya kuandikia ilikuwa hivyo, herufi mpya inaila ya zamani. Nilimwambia, we mwanaume, huoni vibaya kuwalaza watu kitanda kimoja? Akasema, "Mke wangu, maneno ya msiba hayabadiliki. Kinachobadilika ni jina."

Sindano alikuwa amefurahi mpaka anatetemeka. Akaniambia huko kwenye mtandao wapo wazee wa nchi za mbali wanaoipenda mashine hiyo kuliko wake zao. Haina simu ndani, haina picha, haina mtu wa kukusumbua, na betri nne zinakaa siku mbili tatu. Wameandika hata namna ya kuitumia, maana walioitengeneza walishaiacha zamani.

"Nitamaliza kitabu changu humu, Bibi."

"Ukimaliza, umalize na stoo."

Jioni hiyo alikuja Fundi Miwani, yule wa kibanda cha redio mtaa wa pili. Ana miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, na bado hukanyaga paka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Tazama unapokanyaga."

Akaifungua, akapuliza vumbi, akakwangua kutu, akachomea waya mmoja. Akaweka betri mpya. Kabla ya kuiwasha akamwambia Sindano asitarajie kitu. "Mashine hizi zinakumbuka kwa nguvu ya betri tu. Betri zikifa mwezi mmoja, ubongo wake unakuwa mweupe kama sahani iliyooshwa. Hii imekaa miaka thelathini."

Akabonyeza. Kioo kikawa na maandishi.

Mimi niliishia darasa la pili, nasoma kwa kuvuta kama ninayepanda ngazi. Lakini jina la mume wangu nalijua. Lilikuwa pale, katikati ya tangazo la kifo. Siku aliyokufa. Saa aliyokufa, saa kumi alasiri.

Tangazo la kifo cha Karani liliandikwa kwa mkono na mwalimu mmoja, kwenye karatasi ya daftari. Nilimpa kalamu mimi mwenyewe. Mashine ilikuwa stoo tangu wiki moja kabla.

"Aliliandika mwenyewe?" Sindano akanong'ona.

Mimi nilikuwa naona jasho kwenye kioo, kwa ndani.

Fundi hakuona kitu. Kila mashine anayoitengeneza huijaribu kwa kuandika jina lake. Redio angeiimbia jina hilo kama angeweza. Akaandika jina lake juu ya jina la Karani, akapiga kila kitufe kwa fahari. Kisha akacheka. "Haya, na mimi nimekufa Jumatatu!"

Maana siku ilikuwa imebadilika yenyewe. Jumatatu, saa kumi alasiri.

"Kalenda yake imevurugika," akasema, akaondoka.

Jumatatu saa kumi alasiri alikuwa amekaa kwenye kibanda chake, kikombe mkononi, anamweleza mteja habari ya spika. Mteja anasema alinyamaza katikati ya neno. Chai haikumwagika. Waliomshusha walikuta miwani zote mbili zimeingia ukungu, kwa ndani.

Tulirudi kutoka kumpa mkewe pole usiku ule. Niseme ukweli, nilikuwa nimeshajua. Ningeitupa ile mashine usiku huohuo. Sikujua kwamba Sindano alikuwa ameitumia tangu Jumapili, kurasa kumi na mbili za kitabu chake, na jioni hiyo, kabla habari za Fundi hazijatufika, alipotaka kuzihifadhi, mashine ilikuwa imemwuliza: Jina?

Na yeye akaandika lake.

Asubuhi ya Jumanne nilimkuta amesimama mezani. Amesimama tu. Kitabu chake hakipo. Kurasa kumi na mbili zimekwenda. Kilichokuwepo ni tangazo la Karani, na ndani yake jina la mjukuu wangu.

Alhamisi. Saa kumi alasiri.

"Bibi," akasema, sauti haina kitu ndani. "Ni kalenda tu, si ndiyo?"

Nikachukua nyundo.

Akanidaka mkono. "Usivunje! Ukivunja na mimi nimo humo, nani atanitoa?"

Hapo akanishinda. Nikaiweka nyundo chini.

Tukafuta. Herufi zilitoka moja moja, na moja moja zikarudi, kama wadudu wanaorudi kwenye sukari. Tukatoa betri. Kioo kikaendelea kuwaka. Nikazishika betri zote nne kiganjani, na kimstari kinapepesa, kinapepesa. Sindano akawaandikia wale wazee wa mtandaoni. Mmoja akajibu kwamba jambo hilo haliwezekani, akatuma picha ya mashine yake iko kwenye meza safi. Nikasema mwambie ashukuru.

Jumatano tuliandika upuuzi. Akapiga herufi zozote juu ya jina lake, tukahesabu hadi tano, upuuzi ukafutika na jina lake likarudi. Tukaandika jina la Karani. Likafutika. La marehemu mama yake. Likafutika. La Fundi Miwani. Likafutika haraka kuliko yote.

"Haitaki waliokufa," Sindano akasema. "Haitaki na jina lisilo la mtu."

Tukatazamana. Mimi nikasema, "Namjua mmoja anafaa."

"Bibi!"

"Hata mkewe atanishukuru."

"Bibi, hapana. Hapana."

Alilia basi, kwa mara ya kwanza. Mimi silii, machozi yangu yalikauka kwa matumizi. Nilimsubiri aende kuosha uso. Nikavuta kiti. Nikatafuta herufi za jina langu kwa kidole kimoja, nikazipanda juu ya lake.

Nikahesabu hadi tano. Hadi kumi. Hadi hamsini.

Likakaa. Siku ikabaki Alhamisi ileile.

Sijui nikuambieje raha niliyoipata. Nilijisikia mwepesi. Nilikwenda kutoa sanda yangu kabatini, nikaikunjua nione kama nondo hawajaila. Sindano akanikuta nayo mikononi. Akatazama sanda, akatazama mashine. Akaruka mezani, akaandika jina lake upya.

"Mjinga wewe!" nikamwambia. "Mimi nina miaka sabini na tisa! Nimebakiza nini, meno?"

"Sikuandiki, Bibi. Siwezi kukuandika."

"Hujaniandika wewe. Nimejiandika."

Nikaandika langu. Akaandika lake. Usiku kucha hakuna aliyelala, kila mmoja anamvizia mwenzake, na mashine iko katikati yetu kama mtoto mgonjwa. Nimegombea mengi na watu duniani, foleni, mpaka wa uwanja, mwanaume mmoja. Sikuwahi kufikiri nitagombea kufa.

Alhamisi ikaja. Jua kali. Nje watoto wanatoka shule. Saa tisa na nusu jina langu lilikuwa pale, nami nimeilalia mashine kwa kifua. Saa tisa na dakika hamsini akanivuta. Mtoto mwembamba vile, sijui nguvu alizitoa wapi. Nikamng'ata mkono. Ndiyo, nilimng'ata mjukuu wangu. Akapiga herufi. Nikapiga herufi. Vidole vyake juu ya vyangu, vyangu juu ya vyake. Tunahema tu.

Saa ya ukutani ikalia. Kumi.

Tukaacha. Sote wawili. Tukatazama kioo.

Jina lililokuwepo halikuwa langu. Halikuwa lake. Mwanzo wake ulikuwa wa kwangu na mwisho wake wa kwake, limeungana kama kiraka.

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano.

Halikufutika.

Nilikuwa hai. Nikamgusa shavu, alikuwa wa moto. Tukaanguka sakafuni tukicheka kama walevi, yeye anashika mkono nilioung'ata, mimi nashika mbavu. Nikasema, tumeipiga chenga! Nikarudia mara mbili. Nilipotaka kusema mara ya tatu nikamwona ameacha kucheka.

"Bibi," akanong'ona. "Jina lisilo la mtu hailitaki."

Kioo kikazimika.

Hatukuwa tumeinuka sakafuni mlango ulipofunguliwa. Alikuwa jirani yetu Mshonaji, na nyuma yake wanawake sita wa mtaani, wanalia, wameshika mikeka. Mshonaji akanikumbatia kwa nguvu.

"Pole, Bibi. Pole sana. Ameanguka getini anatoka shule. Hakuumwa, hakusema kitu. Saa kumi hii hii."

"Nani?" nikasema.

Akalitaja. Lile jina. Alilitaja bila kusita, kama mtu aliyeliita kila siku kupitia ukuta.

"Simjui," nikasema.

Wanawake wakatazamana. Mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba msiba umenichukua akili. Nikageuka kwa Sindano anisaidie. Akatikisa kichwa polepole. Hata yeye. Mshonaji akamtazama kwa hasira. "Mdogo wako wa tumbo moja, binti! Mliyempa jina la nusu kwa nusu, lako na la bibi yako!"

Walitupeleka hospitali. Akafunuliwa uso. Mtoto wa miaka tisa hivi, sare ya shule, goti moja lina kidonda kinachopona. Sijawahi kumwona maishani mwangu. Lakini paji la uso lilikuwa la Karani, na kidonda kilikuwa kimefungwa kwa kitambaa cha gauni langu, kwa fundo ninalolifunga mimi tu.

Nilijaribu kulia. Watu wote walikuwa wananisubiri nilie. Hakuna kitu kibaya kama kumtafuta mtu ndani yako, chumba kwa chumba, na kukuta vyote vimefagiliwa. Sindano alimshika mkono yule mtoto hadi wakamwambia aachie. "Samahani," alikuwa anasema. "Samahani. Niambie ulikuwa unapenda nini."

Tulimzika Ijumaa. Mtaa mzima ulilia isipokuwa sisi, na mpaka leo wapo wasionisalimia kwa ajili hiyo. Siwalaumu. Mashine haijawaka tena. Sindano ameacha chuo. Huzunguka kwa majirani na daftari, anawauliza habari za mdogo wake, kwamba aliogopa nini, alicheka vipi. Akirudi hunisomea, na sote tunasikiliza kama habari za nchi nyingine.

Baada ya wiki, nikifagia, niliona miimo ya mlango wa jikoni. Kuna mistari ya mkaa, mmoja juu ya mwingine, kama tunavyowapima watoto urefu. Tisa. Mkono ni wangu, najua ninavyokokota mkaa. Wa juu kabisa ulinifika kifuani. Nikaweka kiganja hapo, nikakaa nacho muda.

Hiyo ilikuwa mwaka jana. Alhamisi iliyopita nimepita pale na ndoo, nikasimama.

Ipo kumi. Mkaa wa mstari mpya ulikuwa bado unachafua kidole, nao unanifika begani.