Alama Tamu za Koboko

— Natale, rudia hilo neno! Rudia mbele ya wageni wote!

Binti yangu Eyotaru alisimama katikati ya uwanja wa kina Natale, kule Koboko, soda ikimwagika mkononi. Muziki ukazimwa. Watu walikuja kula mbuzi kwa sababu Natale alipata nafasi ya kusomea udaktari Kampala, serikali inalipa kila kitu.

— Nimesema nitakuoa, bebi. Ubaya iko wapi? Mimi nikienda Kampala, wewe utakaa hapa na mama.

— Nikae nifanye nini?

Mama yake, Filda, akadakia akicheka:

— Upike, mwanangu! Si masomo imekukataa?

Wageni wakacheka. Mimi nikaweka sahani chini.

Wasichana mnaosoma haya, sikilizeni vizuri. Hawa wawili walisoma darasa moja Mvara, Arua, katika shule ngumu. Mwalimu Lawrence wa kemia hana huruma. Kwake ukipata hamsini, umshukuru Mungu. Eyotaru alipata hamsini na mbili, akalia kwa kuona ni kidogo. Natale alikuwa nyuma yake kwa alama siku zote. Ndipo ujumbe wake ukaanza kuingia:

"Bebi hiyo shule inakuua. Chuo kinataka alama nzuri. Hamia ile ya Koboko, wanatoa alama tamu. Muhula ujao nami nakuja, tuwe pamoja."

Akahama. Natale hakuja.

Kule Koboko maswali ya mtihani yaliandikwa ubaoni siku moja kabla, na maabara ilikuwa na kufuli mwaka mzima. Binti yangu akaleta themanini na saba ya kemia. Mimi niliyeishia darasa la saba ningejuaje? Tukachinja kuku. Mtihani wa taifa ulipokuja, hakuna aliyemwandikia kitu ubaoni. Kemia alifeli. Chuo kikamkataa.

— Natale, nikauliza, wewe kwa nini hukuhama?

— Baba alikataa, mama.

— Alikataa lini? Filda akashangaa. Si wewe ulisema ile shule iko ya wajinga?

Eyotaru akamsogelea Natale.

— Ulijua?

— Bebi, punguza sauti…

— Ulijua, na ukanipeleka?

— Sasa ningefanya nini? Natale akafoka. Serikali inagawia wilaya yetu nafasi chache tu! Ile ya udaktari ilikuwa yako, kila mutu Mvara alijua! Ungebaki, mimi ningekuwa wapi?

Alishtuka mwenyewe kusikia alichosema.

Eyotaru hakumpiga. Alivua saa ambayo Natale alimpa, akaitumbukiza ndani ya glasi yake ya soda.

— Chukua, daktari. Utapimia mapigo ya moyo wa mwingine.

Nami nikamgeukia Filda:

— Mama, mpishi wako ndiye huyo anaondoka.

Tulirudi Mvara. Mwalimu Lawrence alimtazama juu ya miwani.

— Utarudia mwaka mzima. Na mimi sijabadilika.

— Ndiyo nataka, mwalimu.

Nilipoenda kumtembelea Eyotaru, alikimbilia getini na karatasi.

— Mama! Arobaini na tisa ya kemia!

— Ya kweli?

— Ya kweli, mama!

Nikapiga kigelegele mpaka askari wa geti akatoka kibandani.

Wasichana, mtu akisema anakupenda, halafu anakutoa penye kazi ngumu na yeye anabaki palepale, muulize anabaki kungoja nini. Nasema kwa hasira kwa sababu nimeona.

Shuleni simu haziruhusiwi, ya Eyotaru ninayo mimi. Jana ikalia.

— Bebi, nisamehe. Huku iko ngumu, nakukumbuka kila siku…

— Mimi ni mama yake.

— Mama… habari. Eyotaru iko?

— Iko ndani ya maabara.

Nikakata.