Vazi la Bafta

Vazi lilikuwa limepungua urefu.

Mwanaharusi alilitandaza tena mezani, akavuta utepe uliokuwa unaning'inia shingoni, akapima kutoka begani mpaka kwenye pindo. Jana alilishona limfike binti yake Samira kwenye vifundo vya miguu. Leo lingemwishia magotini. Pindo lilikuwa limekunjwa likashonwa upya kwa mkono, mishono midogo iliyojipanga vizuri, na mishono ile ilikuwa yake. Fundi haupotezi mshono wake hata akiukuta kwenye nguo kuukuu ya mtu sokoni. Ila hakukumbuka kuushona.

"Uchovu huu utaniua," alijisemea, akalifumua pindo na kulishusha.

Uchovu alikuwa nao kweli. Mwezi wa Oktoba wote alikuwa akishona mazimwi. Shule ya watoto pale Rosettenville, Joburg, ilitangaza sherehe ya Halowini, ile sikukuu ya kizungu ambayo watoto hujigeuza mizuka na kudai peremende, na nguo za dukani hazishikiki bei. Clémence, jirani yake Mrundi anayeuza mboga pale kona, ndiye aliyemletea kazi.

"Dada, tusaidie. Watoto watalia."

"Clémence, mnawavisha watoto mashetani kwa hiari yenu?"

"Ni mchezo tu. Hata miye kwetu hatuchezi hivyo, lakini hawa watoto ni wa huku. Utawaambia nini?"

Basi Mwanaharusi akatoa mabawa ya popo kwenye mwavuli uliovunjika, akatoa boga kwenye pazia la rangi ya chungwa alilolijaza magazeti, na mchawi akatoka kwenye sketi nyeusi ya mitumba. Kila mtoto alipata. Wa mwisho akawa binti yake mwenyewe, Samira, mwenye miaka saba, aliyetaka kuwa kizuka cheupe. Kitambaa cheupe hakikuwepo, na mfuko ulikuwa umekauka.

Kilikuwepo kimoja tu, ndani ya sanduku chini ya kitanda.

Hiyo ilikuwa bafta iliyobaki kwenye sanda ya Bakiri. Bakiri alikuwa kaka yake Samira. Alizaliwa Tanga, akaletwa Joburg angali mchanga wa kubebwa, na kifua hakikumpa nafasi hata siku moja. Samira alizaliwa hapahapa, akaenda chekechea, akarudi na Kizulu na Kiingereza. Kiswahili alikielewa lakini hakujibu kwa lugha hiyo. Bakiri yeye alishinda nyumbani, chini ya meza ya cherehani, akipanga vifungo kwa rangi kwenye kopo la maziwa, na Kiswahili chake kilikuwa cha mama yake, cha Tanga tupu. "Mamangu," ndivyo alivyomwita. Baba yao alikuwa ameshahamia Cape Town kwa mke mwingine, kwa hiyo huyo mtoto ndiye aliyekuwa mwenzake wa kuzungumza naye. Alikufa akiwa na miaka sita, majira ya baridi, juzi tu ukimuuliza mama yake, ingawa Samira alikuwa ameshampita kimo.

Mwanaharusi alikuwa kwenye foleni ya dawa hospitalini mtoto alipokufa. Aliporudi wodini, mgonjwa wa kitanda cha pili alimwambia kwamba mtoto aliita sana. Jambo hilo halikumtoka. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na wake ulikuwa na sauti ndani yake.

Waliochanga sanda walinunua kipande cha mtu mzima. Kilichobaki alitakiwa akitoe sadaka. Akakificha.

Sasa akakitoa, akasema moyoni kwamba nguo ni nguo, na Bakiri asingemnyima mdogo wake. Hakuthubutu kukipitisha kwenye cherehani. Alikishona kwa mkono, taratibu, akilia, na kila uzi ulipokwisha akaupiga fundo, kama fundi yeyote anavyofanya bila kufikiri.

Siku ya pili baada ya kushushwa, pindo lilikuwa limepanda tena, magotini. Chumba kilinuka karafuu maiti, ile harufu ya mwili uliooshwa, mchana kweupe, dirisha likiwa wazi. Siku iliyofuata alikuwa anasafisha cherehani alasiri, akasikia vifungo vinamiminwa kwenye kopo chini ya meza. Akainama. Hapakuwa na mtu. Vifungo vilikuwa sakafuni vimepangwa, vyeupe kwa vyeupe, vyekundu kwa vyekundu.

Siku ya sherehe Samira aliamka ana homa na kikohozi kikavu ambacho mama yake alikijua mno. Hakwenda popote. Vazi likabaki limetundikwa msumarini nyuma ya mlango. Jioni Clémence akapita na mfuko wa peremende.

"Mpe Samira, amesahau fungu lake. Eish, dada, yule mtoto! Hakutaka kuvua kitambaa usoni. Ameshinda kule shuleni chini ya meza, peke yake."

"Samira yuko kitandani tangu asubuhi."

Clémence alichungulia kitandani, akaweka mfuko chini, akajipiga ishara ya msalaba na kuondoka bila kuaga. Mwanaharusi alikwenda mlangoni, akashika pindo la vazi. Lilikuwa limelowa, na maua ya jakaranda yamenata kwenye uzi.

Niseme ukweli wake: hakuogopa. Alifurahi. Aliliweka vazi usoni akavuta harufu yake, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alilala vizuri, huku binti yake akikohoa ubavuni mwake.

Furaha ile haikudumu. Dawa ya zahanati ilikwisha na homa haikushuka. Samira akakonda, midomo ikamgeuka buluu, na kila alipofumba macho mtu fulani chini ya meza alicheka kidogo. Ndipo Mwanaharusi akapanda teksi mpaka Jeppestown kumtafuta Othmani, mtu wa kwao, mpiga pasi kwa dobi, ambaye Watanzania walimwendea kwa mambo wasiyoweza kumwambia daktari. Othmani alikuja na jasho lake la kazini, akalishika vazi kwa ncha za vidole na kuuangalia mshono.

"Hii si sanda?"

"Ni masalio yake."

"Umeipiga mafundo." Akashusha sauti. "Maiti hufunguliwa vifundo vya sanda yake kaburini, Mwanaharusi, asibaki amefungwa. Wewe umefunga upya."

"Kwa hiyo ni Bakiri?"

"Hapana, dada yangu. Bakiri yuko kwa Mola wake, hana haja na nguo. Huyu ni jini aliyekuta nguo ina mwenyewe na haina mtu ndani, akaivaa. Sasa inambana, anataka mwili."

"Nifanye nini?"

"Fumua fundo moja moja, kwa kucha, usikate. Mimi nitasoma pale mlangoni. Atakuita. Usiitike. Ukimwitika umempokea, na aliyepokewa hupewa mahali pa kukaa."

Mvua ya mawe ilianza kupiga mabati Mwanaharusi alipofumua fundo la kwanza. Othmani alisimama mlangoni na kisomo chake, na mawe yakaifunika sauti yake kiasi kwamba midomo tu ndiyo iliyoonekana. Fundo la pindo likalegea, kisha la bega, kisha la kwapa, na harufu ya karafuu maiti ikazidi mpaka ikawa kama inamezwa, na chini ya meza vifungo vikaanza kumiminwa na kuzolewa, kumiminwa na kuzolewa, kwa haraka, na kitandani Samira akajinyoosha macho yakiwa meupe, na kitu kidogo kikashika ukingo wa kanga ya Mwanaharusi karibu na goti, kikavuta pole, namna alivyokuwa akivutwa kila mchana kwa miaka sita.

"Mamangu."

Akauma mdomo. Lilibaki fundo la shingoni.

"Mamangu, naona baridi."

Kucha zilikuwa zimechubuka, damu imeingia kwenye bafta. Alimtazama Samira, akakumbuka kwamba huyu ndiye aliye hai, akajua anachopaswa kufanya. Fundo lilianza kuachia.

"Mamangu, nimekuita sana."

"Nipo, mwanangu," alisema Mwanaharusi. "Nipo hapa."

Fundo likafunguka. Vifungo vikanyamaza, harufu ikakatika, na mvua nayo ikapungua ikawa manyunyu. Othmani akaja kuokota vitambaa ili akavizike.

"Hukumwitika?"

"Sikumwitika."

Alimtazama kidogo, akaaga.

Asubuhi Mwanaharusi aliamshwa na jua. Kitanda kilikuwa kitupu upande wa Samira. Mtoto alikuwa amekaa chini ya meza, mzima, uso umerudi rangi, kopo la vifungo miguuni mwake. Hakukohoa hata mara moja.

"Samira," mama alimwita.

Mtoto aliendelea kupanga, vyeupe kwa vyeupe.

"Samira, mwanangu. Nijibu kwa Kiingereza. Nijibu kwa Kizulu, sitakugombeza."

Mtoto akageuka, akatabasamu kwa meno ya Samira.

"Mamangu," alisema, kwa Kiswahili cha Tanga tupu, "mbona unaita mtu asiyekuwepo? Niwekee chai."

Mwanaharusi aliinuka akaweka maji jikoni. Alisimama hapo akilia bila sauti. Safari hii mtoto aliyemlilia alikuwa Samira, na Samira hakumwachia hata kaburi la kwenda kulizuru.