Wimbo Uliokataa Kufunguka

Mama Agathe, jirani wa Rebecca, anasema kwenye robine ya maji kwamba ordinatere mpya, yaani kompyuta, ilikula sauti ya marehemu mama ya Rebecca.

"Niliona na macho yangu! Rebecca alibonyeza, mashine ikalia tii, basi. Mashine mupya, na hawakuiombea!"

Rebecca hakubishana naye. Alijua mashine haikula kitu. Lakini kweli sauti haikutoka.

Rebecca anaishi peke yake hapa Bunia, walikokimbilia na mama yake vita ilipofika Kpandroma. Asubuhi anafagia, anachemsha chai ya kikombe kimoja, anaketi kwenye cherehani. Mama yake alikuwa mwimbishaji wa kwaya. Alipofariki, alimwachia ordinatere nzito yenye nyimbo za mazoezi. Kila Jumapili Rebecca alimsikiliza humo. Hakuwa na sauti yake mahali pengine.

Mashine ile ilianza kuzimika ovyo. Rebecca akashona sare za shule mpaka akanunua nyingine. Akachukua kle, kile kijiti cha kubebea kazi za ordinatere, akahamisha nyimbo. Mashine mpya ikakataa.

Akaenda kwa Kahindo, mama anayetengeneza ordinatere karibu na soko.

"Ulikopia nini, dada?"

"Programu, mama. Ile kapicha ya mikro ya kuimbia ninayobonyezaka. Na nyimbo."

Kahindo akacheka. "Kapicha iko kibao cha mulango tu! Nyumba yenyewe uliiacha kule!"

Rebecca akainamisha macho. Kahindo akaacha kucheka. Akakumbuka binti huyu ametoka wapi.

"Unisamehe, dada."

"Si neno."

"Leta mashine ya zamani. Usifute kitu."

Rebecca aliifunga katika kitenge, akaibeba kichwani. Kahindo alikopia programu nzima, akaiweka katika mashine mpya. Ikakataa tena.

"Usiogope. Programu hii iko muzee, inajua tu mashine za wakati wake. Siye tutaambia hii mupya ijifanye ya zamani."

Akabonyeza kapicha kwa kitufe cha kuume cha kipanya cha mashine. Akafungua palipoandikwa "Compatibilité", yaani kupatana, akachagua namna ya mashine za zamani. Programu ikafunguka. Rebecca akashika kinywa.

"Ngoja, haijaisha," Kahindo akasema. "Kesho mashine ingine itaikatala. Tugeuze nyimbo zikuwe namna hata simu inaweza kusoma. Halafu ukamate nakala mbili. Moja kwako, moja kwa mutu wako."

"Mutu gani?"

Kahindo akamtazama kidogo.

"Ile ya pili uniachie miye."

Nyumbani, Rebecca aliweka simu yenye nyimbo zilizogeuzwa juu ya cherehani. Mama akaimba, kwaya ikamfuata. Upande wa pili wa ua, Mama Agathe akaacha kutwanga, akasikiliza.

Wimbo ukaisha. Rebecca akangoja, maana alijua kinachofuata. Siku ile ya kurekodi, mama alisahau kuzima mikro. Akasikika akikohoa, kiti kikalia.

"Rebecca! Uko wapi? Uniletee maji ya kunywa, mwanangu."

Rebecca alikuwa amekwisha kusimama, kikombe mkononi.