Vali Iliyocheza

Kila akitoka shule, Dativa alivua sare, akavaa shati kuukuu la mjomba wake Eusebio, akachukua brashi na beseni la dizeli na kuanza kuosha vyuma. Karakana ya mjomba pale Nyangamara haikuwa na ukuta wa mbele, kwa hiyo kila aliyepita njiani alisimama kusalimia na kuacha habari: nani kaposwa, nani kagombana na wifi yake, mbuzi wa nani kala miche ya mikorosho ya nani. Dativa alizisikia zote akiwa ameinamia beseni.

Karakana ilikuwa na sheria moja. Aliyeosha kifaa ndiye aliyekikagua kwanza na kumwambia fundi alichokiona. Dativa alikuwa darasa la sita tu, lakini tangu aanze kazi hiyo alikuwa hajawahi kumpa mjomba jibu la uongo.

Alasiri hiyo alifika Mzee Severini, mwenye mashine ya kusaga. Alishusha kwenye pikipiki silinda hedi mbili, vile vifuniko vizito vya chuma vinavyokaa juu ya injini. Zilikuwa nyeusi kwa masizi.

“Shikamoo,” alisema Dativa bila kuinua macho.

“Marahaba. Eusebio, injini inatoa moshi na nguvu imekwisha. Safisha hizi uzirudishe. Sitaki hadithi za kuagiza vifaa Lindi mjini. Watu wana ngoma za unyago, foleni imefika barabarani.”

“Tuzikague kwanza, mzee. Zikifaa, zitarudi.”

Dativa alisugua huku moyo ukimchemka. Mdomo ule ule ndio uliomwita mama yake, Rosalia, mwizi. Siku moja ndoo ya unga ya jirani yao, Bi Batuli, ilipotea pale mashineni, na Mzee Severini, mbele ya foleni nzima, akamlazimisha Mama Dativa afungue furushi lake. Ndani mlikuwa na unga wake wa muhogo tu. “Basi umeshampitishia mwenzako,” mzee akasema, na watu wakacheka. Tangu siku hiyo mama alibeba makopa yake ya muhogo mkavu kichwani hadi kijiji cha pili kwenda kusaga. Shuleni nako watoto walimpa Dativa jina jipya: Ndoo.

Alipomaliza kuosha, akaanza kukagua. Kila vali, kizibo kinachofungua na kufunga tundu la injini, hupita ndani ya kibomba kifupi cha chuma kinachoishika ili ipande na kushuka bila kuyumba. Hedi ya kwanza ilikuwa nzima. Kwenye ya pili, alipoitikisa vali, ilicheza kama jino linalotaka kung’oka. Labda vali ndiyo imelika, alifikiri. Akachukua mpya kabatini, akaichomeka. Nayo ikacheza. Basi kibomba ndicho kilichokwisha. Oili ingepenya, moshi ungerudi, na siku moja vali ingekwama.

Dativa akatabasamu. Akilini alimwona Mzee Severini mbele ya foleni, injini imezima, watu wanamzomea. Na yeye aonje.

“Vipi, Dati?” aliuliza mjomba.

“Zote ziko sawa, mjomba.”

Eusebio alinyoosha mkono aijaribu vali mwenyewe, lakini Mzee Severini alikuwa amemsimamia. “Si kashasema ziko sawa? Funga, fundi. Watu wanasubiri.”

Eusebio akaenda kuzifunga.

Siku zilizofuata, Dativa alipitia mashineni makusudi na kutega sikio. Moshi wa buluu ulipoanza kutoka, alitembea akiimba. Kisha Jumamosi asubuhi kikasikika kishindo, halafu kimya. Akakimbia asikose kuona mzee akizomewa.

Foleni ilikuwa imejaa kweli, lakini hakuna aliyemzomea mzee. Mzee Severini alikuwa amemnyooshea kidole mjomba, ambaye alikuwa ameshaifungua injini. Vali ilikuwa imekwama, na fimbo inayoisukuma imepinda.

“Huyo ndiye fundi wenu,” alisema mzee. “Dada anaiba unga, kaka anaiba hela kwa kazi mbovu.”

“Kumbe,” alisema Bi Batuli. “Na mimi nilitaka kumpelekea cherehani yangu.”

Watu wakacheka kama walivyocheka siku ile. Eusebio alishika vali, akaitikisa, ikacheza. Akamtazama Dativa. Angeweza kusema, “Mtoto ndiye aliyenidanganya.” Badala yake akafuta mikono. “Kazi ni yangu. Nitairudia.”

 Foleni ilikuwa ile ile na kidole kile kile, ila safari hii aliyempeleka mtu mbele ya kidole hicho ni Dativa mwenyewe. Akajipenyeza katikati ya ndoo.

“Mjomba hakuiba. Mimi niliona vali inacheza, nikamwambia ziko sawa.”

“Kwa nini?” aliuliza mzee.

“Nilitaka uzomewe. Ulimwita mama mwizi na hakuiba.”

Watu wakageuka kumtazama mzee. Bi Batuli, ambaye hakuweza kukaa na swali tumboni, akasogea.

“Eti mzee, ile ndoo yangu uliyonirudishia, uliikuta wapi? Uliniambia imepatikana, basi.”

Mzee Severini alikohoa. “Nyuma ya pipa la dizeli.”

“Pipa lako? Lini?”

“Kesho yake.”

Hapo ndipo kuzomea kulipoanza. Dativa alikuwa ameungojea utamu huo muda mrefu, akatamani uendelee. Lakini mjomba aliinua mkono, watu wakatulia.

“Rosalia ni dada yangu,” alisema. “Hasira ninayo mpaka leo. Lakini mashine hii inasaga unga wa kijiji kizima. Dati, uliona kibovu ukanyamaza. Mzee aliona ndoo akanyamaza. Mmefanana. Na mimi nilikubali kuharakishwa, sikushika vali kwa mkono wangu.”

Kufananishwa na Mzee Severini kulimchoma Dativa kuliko kofi.

“Sasa hedi hizi tuzitupe?” mzee aliuliza kwa sauti ndogo.

“Hazina ufa. Tutavitoa vibomba vilivyolika, tuweke vipya kutoka Lindi. Ila safari hii utasubiri.”

“Na radhi mzee amwombe Mama Dativa hapa hapa kwenye foleni, si kwa siri uani,” alisema Bi Batuli. “Kujaza watu niachieni mimi.”

Akawajaza kweli. Siku injini ilipowaka tena bila moshi, walikuwepo hata wasio na mahindi ya kusaga. Mzee Severini alivua kofia, akasema alimsingizia Mama Dativa na akaficha ukweli. Mama akapenya hadi mashineni.

“Nimesikia,” alisema, akasukuma beseni lake la makopa mbele. “Sasa nisagie.”

Walipokuwa wakirudi nyumbani, mjomba alimshika Dativa bega. “Mtu akikukosea, mwambie mbele ya watu, kama ulivyofanya. Usilipize kisasi ndani ya kazi, maana hujui kitamwangukia nani. Kesho osha vyuma kama kawaida. Utasema ulichoona, na mimi nitashika mwenyewe.”

“Hata vikiwa vya Mzee Severini?”

“Hasa vikiwa vya Mzee Severini.”