Sponji Isiyooshwa

"Zima pampu ya zamani."

Amri iliingia sikioni mwa Nyenje kupitia kidude kidogo kuliko punje ya mchele. Mikono yake ilikuwa ndani ya tangi la samaki hadi viwikoni. Nyuma yake, mlinzi aitwaye Bonge aliegemea mlango, bastola ya Glock kiunoni, akitafuna kijiti cha meno.

Nyenje alikohoa mara mbili. Maana yake: haiwezekani.

"Tunasikia ngurumo tu," alisema Shangazi. Hakuwa shangazi wa mtu. Alikuwa mkuu wa operesheni, amejificha ndani ya gari la dobi mtaa wa pili. "Kontena la bunduki linaondoka mchana huu na hatujui liko wapi. Zima."

Nyenje aliogopa. Tusidanganyane, aliogopa kweli.

Tajiri, mwenye jumba na mwenye bunduki, hakuzungumza biashara popote isipokuwa chumba hiki. Pampu kuukuu ya tangi lake ilinguruma kiasi cha kumeza maneno. Ndiyo maana Idara ya Ujasusi ilitengeneza chujio jipya lisilo na kelele, lenye kinasa sauti kwenye kifuniko, na Nyenje akaingia kulifunga kama fundi wa matangi.

Chujio lilikuwa tayari. Tatizo lilikuwa sponji.

Ndani ya sponji ya zamani waliishi vijidudu wanaokula sumu ya kinyesi cha samaki. Ukizima pampu ya zamani na kuwasha mpya yenye sponji tupu, samaki watavuta uchafu wao wenyewe. Mafundi huviacha vyombo vyote viwili vikifanya kazi pamoja kwa wiki kadhaa.

Jasusi aliyemtangulia hakulijua hilo. Samaki walikufa.

Yeye hakurudi.

Mlango ulifunguliwa. Tajiri aliingia na ndala zake, simu mkononi, akainama mbele ya kioo.

"Wanangu hawajambo, fundi?"

"Hawajambo, mzee."

"Basi hiyo ya zamani itupe. Inanipigia kelele."

"Mtii," Shangazi alinong'ona sikioni.

Nyenje alipiga hesabu. Akitii, samaki watakufa na Tajiri atamtambua kuwa ni fundi wa uongo. Akikataa, bunduki zitaondoka. Njia mbili zilimshinda fisi, naye hakuwa na miguu minne.

Kisha akakumbuka kuwa vijidudu hawakai kwenye pampu, bali ndani ya sponji.

"Hapana, mzee. Nikitupa yote, utawazika wanao. Kwanza nahamishia sponji kwenye chujio jipya. Halafu nazima."

Nyenje aliichomoa sponji. Ilitoka ya kahawia, inateleza, inanuka bahari.

"Uchafu gani huu?" Bonge akakunja uso. "Lete nikuoshee."

Akainyakua. Akafungua bomba la sinki.

Nyenje alimrukia, akamkamata kifundo cha mkono na kukipinda mpaka jitu lile likapiga goti. Mshiko ule hawafundishwi mafundi wa matangi. Alijua amekosea kabla hajamaliza.

Mdomo wa Glock ukamgusa shavuni.

"Maji ya bomba yana dawa," alisema Nyenje. "Inaua walio humo ndani. Halafu samaki wanafuata."

Tajiri alimtazama mkono, si uso.

"Mshiko huo umeupata wapi?"

"Nina kaka wanne, mzee. Wote wakorofi."

Pampu ilinguruma. Bomba lilichuruzika.

Tajiri akacheka polepole. "Mwenzako aliyekutangulia aliiosha. Kwa sabuni. Na bado akaniapia kuwa ni fundi. Bonge, mwachie mtoto wa watu afanye kazi."

Nyenje aliitumbukiza sponji ndani ya chujio jipya kabla haijakauka, uchafu wake wote. Akahakikisha maji yanapita. Akasoma kipimajoto. Ndipo akabonyeza swichi.

Pampu kuukuu ikanyamaza.

Simu ya Tajiri iliita. Akaligeuzia tangi mgongo, kama alivyofanya miaka yote pampu ikinguruma.

"Ndiyo. Ghala la saruji, nyuma ya reli. Litoeni sasa hivi."

Mazoea yana taabu.

"Tumepata," alisema Shangazi. "Tunakuja. Usitoke."

Nyenje hakutoka. Alifuta kioo kilichokwisha takata, akakifuta tena, huku mgongo umelowa jasho. Samaki mmoja mwenye michirizi alirudi kwenye matumbawe yake.

Breki za Land Cruiser ya askari zikalia nje. Bonge akachomoa bastola.

Nyenje akamrushia ndoo nzima ya maji ya chumvi machoni.

Mlango ulipoanguka, Bonge alikuwa sakafuni akijisugua macho, na Glock ilikuwa mkononi mwa fundi.

"Kontena tunalo," Shangazi alisema sikioni.

Tajiri alifungwa pingu mbele ya tangi. Hakuuliza habari za bunduki.

"Nani atawalisha wanangu?"

"Watalishwa," alisema Nyenje. "Aliyeosha sponji umemweka wapi?"

Tajiri akatazama ndala zake.

Nyenje akaelewa kuwa mwenzake hayuko hai tena. Alikausha mikono, akamgeukia askari aliyekuwa karibu.

"Chujio hilo lisizimwe. Na mtu asioshe kitu."

Akachukua sanduku lake la vifaa, akatoka bila haraka. Akashuka ngazi, mikono ikiwa bado inanuka bahari.